Moto Ulizimika, Nikamfukuza Nyieka Wangu

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka thelathini na minne, na ninaishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Nilizaliwa Uriri, ndiyo maana tangu nilipoolewa huku watu huniita nyar Uriri, binti wa Uriri. Jina hilo linatosha. La ubatizo siwezi kuliandika hapa... nina aibu.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmesimulia jinsi mlivyotendwa na waume na marafiki. Nimesoma na nimelia pamoja nanyi. Lakini mkasa wangu ni wa upande ule mwingine. Aliyetenda ni mimi!

Nilipoolewa sikujua lolote kuhusu samaki. Kwetu ni miwa na mahindi. Aliyenishika mkono ni Akoth, nyar Lambwe. Mumewe na mume wangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo tuliitana nyieka, mke mwenza, kwa utani na kwa upendo. Alinifundisha kupasua mbuta, kumtia chumvi na kumkausha kwa moshi bila kumuunguza. Alinicheka nilipojichoma na miiba, kisha akaniosha mkono.

Tanuri letu alilijenga yeye nyuma ya nyumba yangu, tofali kwa tofali. Lilikuwa kama sanduku la udongo, lenye mdomo mmoja mpana mbele. Juu yake tulipanga vichanja vya waya vyenye samaki, tukafunika kwa mabati na magunia. Tulikuwa wanawake watano tukilitumia kwa zamu.

Na mimi nilileta kitu changu. Kuni zilikuwa shida, basi nikawa napata makapi ya miwa kutoka kwetu. Tuliyachanganya na vumbi la mbao na uji mzito wa muhogo, tukaviringa vidonge vya ukubwa wa ndimu na kuvianika juani. Vidonge hivyo viliwaka polepole na kutoa moshi mtamu. Wanawake walinisifu sana... na sifa, jamani, sifa zilinipanda kichwani!

Kisha mume wa Akoth akafariki. Aliugua muda mfupi tu.

Wazee wa ukoo walitaka arithiwe na shemeji yake, jinsi desturi yetu ya Kijaluo inavyosema. Akoth alikuwa Msabato wa kweli. Alikataa kwa upole, akasema atalea watoto wake mwenyewe. Kwetu mjane ambaye desturi yake haijakamilishwa huitwa chi liel, mke wa kaburi. Hatakiwi kuingia nyumba za watu ovyo, wala kugusa kazi zao, maana wanasema anakuja na mkosi. Akoth akakaa kwake miezi mingi. Mimi nilimpelekea unga na sabuni. Nilijiona mtu mwema kweli!

Wakati huo ndipo alipojitokeza Mama Boke, mfanyabiashara Mkuria kutoka mpakani. Alitaka samaki wa moshi kila wiki, na wengi. Lakini alisema kwanza atakuja kuona tunavyofanya kazi, kwa sababu mahali pengine alikuwa ameuziwa samaki waliooza ndani.

Nilitaka kumwonyesha kwamba sisi si watu wa ovyo ovyo. Wiki mbili kabla hajaja, nilichimba udongo mzuri, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, nikalikandika tanuri lote. Niliziba kila ufa. Nyuma, karibu na ardhi, niliona kishimo, nikajua panya wameanza kuchimba, nikakiziba vizuri na kuchora mawimbi kwa vidole juu yake. Tanuri likapendeza kama nyumba ya bibi harusi. Wanawake walipiga vigelegele, tukaliacha likauke kwanza bila kuliwasha.

Wiki hiyo hiyo Akoth akarudi kazini. Watoto wake walikuwa wamekaa na njaa ya kutosha. Alikuja asubuhi, akasimama nje ya kibanda kama mgeni mpaka nilipomwambia ingia. Akaingia... na moto ukaanza kuzimika.

Naomba mnielewe jinsi ulivyokuwa unazimika. Asubuhi uliwaka vizuri kabisa. Ukishashika, tuliuziba mdomo wa mbele kwa kipande cha bati ili upungue, utoe moshi badala ya miali. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote. Lakini sasa baada ya saa moja hivi, samaki wakiwa hawajafika hata nusu, moshi ulikuwa unakonda, unakonda... kisha kimya! Ukifungua unakuta vidonge vyeusi, vimeungua upande mmoja tu.

Nilianza kulaumu vidonge. Mvua ilikuwa imenyesha, nikasema vimenyonya unyevu. Tukavianika tena siku mbili mpaka vikalia vikigongana. Moto ukazimika. Nikasema ni samaki wanadondosha maji, tukawatundika wachuruzike kwanza. Ukazimika. Nikasema ni upepo wa ziwani, tukazungushia kibanda magunia. Ndiyo kwanza ukazimika mapema zaidi! Nikagombana na wanawake kwamba wanafunua funua mabati kuchungulia. Hakuna aliyefunua, na bado ukazimika.

Tukiacha bati wazi, moto uliwaka, lakini ngozi ya samaki iliungua na nyama ikabaki mbichi. Tuliwatupia mbwa mbuta ambao wanawake wenzangu walikuwa wamewaamkia alfajiri ufuoni. Nzi walitujaa. Mmoja wetu alikaa chini akalia, maana hakuwa na kitu kingine cha kulisha watoto.

Siku ya Mama Boke ikafika. Alilisifu tanuri, akalizunguka, akapapasa michoro yangu. Nilivimba kwa furaha. Kisha moto ukazimika mbele ya macho yake! Alichukua samaki mmoja, akamvunja katikati, akanusa.

“Mama, hii ni mbichi ndani,” alisema. “Mimi nitauzia nani hii? Nitakuja Alhamisi ingine. Nikikuta hivi tena, sirudi.”

Alipoondoka, mmoja wetu akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, huu moto umeanza kusumbua lini hasa. Sote tukahesabu siku kimoyomoyo, na sote tukamtazama Akoth.

Nilikuwa Mkristo wa kila Jumapili. Nilikuwa nimemwambia Akoth kwa mdomo wangu kwamba mambo ya chi liel ni ya watu wa zamani. Lakini siku ile aibu ya Mama Boke ilikuwa bado inaniunguza, na nilihitaji mtu wa kuibeba. Je, ningesema nini? Kwamba vidonge vyangu havifai? Kwamba mimi niliyesifiwa nimeshindwa?

Kesho yake Akoth alikuja amechelewa, ameshika kijiti kirefu cha mti mgumu, ncha yake imeungua na kuwa nyeusi. Hakuja mbele. Alipita moja kwa moja kuelekea nyuma ya tanuri, akachuchumaa.

Nilimrukia. “Unaweka nini hapo?” nilipiga kelele. Nilimnyang'anya kile kijiti. Wanawake walikuja mbio.

“Nyieka, ngoja kwanza,” alisema. “Hii moto haipumui. Wacha nikuonyeshe...”

Sikungoja. Nililitamka lile neno, tena kwa sauti ya juu, mbele ya wote na mbele ya binti yake mdogo aliyekuwa amemfuata. Chi liel! Nilimwambia atoke na kaburi lake kazini kwetu. Nilimwambia ametuletea mkosi kwa kukataa desturi, na kwamba kijiti chake ni cha uchawi.

Akoth alinitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha alimshika binti yake mkono wakaenda. Kijiti kikabaki mkononi mwangu.

Jioni ile wenzangu walipokwisha kwenda, nilichukua jembe nikarudi nyuma ya tanuri peke yangu. Nilitaka kufukua dawa aliyoizika. Nilikuwa na hakika ipo! Nilichimba palepale alipochuchumaa. Udongo mtupu. Nikachimba karibu zaidi na ukuta, jembe likagonga tanuri, kipande cha ukandikaji wangu kikadondoka na mawimbi yake yote ya vidole.

Kilipodondoka, kikabaki kishimo. Nilipitisha mkono ndani. Hakikuwa cha panya. Kilikuwa kimejengwa, mviringo safi, matofali yake yamekatwa kwa uangalifu. Kilipenya mpaka pale vidonge vinapokaa. Nikachukua kile kijiti cha Akoth, nikakiingiza... kikaingia sawasawa, kama kisu kwenye ala yake.

Tukiziba mdomo wa mbele, moto ulivuta pumzi kwa nyuma! Na kila asubuhi kabla hatujafika, Akoth alikuwa akizibua majivu pale kwa kijiti chake, wala hakuwahi kujisifu. Alipokaa nyumbani kwa msiba, majivu yalikuwa bado hayajajaa kuziba njia yote. Nilipokandika, ndipo nilipoukaba moto koo.

Nilijua siku ile ile. Ningeweza kukimbia hadi kwake. Nyumba yake ilikuwa mbele ya macho yangu, niliona moshi wa jiko lake. Kwa nini sikwenda? Mpaka leo najiuliza.

Asubuhi niliwasha. Moto ukakaa. Ukakaa mpaka samaki wakawa na rangi ya dhahabu, wakavunjika wakiwa wakavu. Wanawake waliruka kwa furaha.

“Mumeona?” mmoja alisema. “Si nilisema? Ni yeye!”

Wakaniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikatabasamu... Ndiyo, wasomaji wangu, nilitabasamu! Na tangu siku hiyo nilikuwa nikiizibua ile njia ya hewa mwenyewe, mapema, kabla mtu hajaja, ili wasijue.

Alhamisi Mama Boke alirudi, akaridhika, akawa mteja wetu. Na habari ya moto uliopona baada ya mjane kufukuzwa ikaenea mpaka ufuoni. Wavuvi wakakataa kumuuzia Akoth samaki. Kisimani wanawake walisubiri amalize ndipo wateke. Ukoo wa mumewe ukasema sasa ushahidi umeonekana. Baada ya miezi michache alifunga mizigo yake, akarudi Lambwe kwa ndugu yake pamoja na watoto. Ninyi mnaojua kwetu mnajua maana ya mwanamke aliyezaa kurudi kwao na kuliacha kaburi la mumewe: ni aibu, na hana tena pa kuita kwake. Nilisimama ndani nikamchungulia kwa dirisha akipita.

Kazi ilistawi. Nilijenga nyumba ya mabati. Lakini samaki wa tanuri lile sikuwahi kula tena. Wananikaba.

Ilinichukua miaka mitatu kwenda Lambwe. Nilimkuta shambani kwa ndugu yake akipalilia mahindi ya watu wengine. Amekonda, na mgongo umeinama kidogo. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikamwambia yote, kuhusu kukandika, kuhusu kishimo, kuhusu tabasamu langu. Nililia sana.

Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe lake.

“Nyar Uriri,” alisema. Hakuniita nyieka. “Hiyo tundu ni mimi nilijenga. Siku nilirudi kazini niliingilia mbele tu, niliogopa kugusa vitu yako. Siku ya Mama Boke ndio nikaona vile umepaka huko nyuma. Nilikuja na kijiti nizibue pole pole, wale wengine wasijue ni wewe uliziba. Sikutaka wakucheke.”

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa amekuja kunisitiri!

“Umekuja mbali kuniambia kitu najua,” aliendelea. “Enda uambie wale hawajui.” Akainama akaendelea kupalilia. Hakunifukuza, lakini hakunikaribisha hata maji.

Nilirudi Homa Bay nikiwa nimeapa. Niliwakusanya wanawake karibu na tanuri. Nikafungua mdomo, na mnajua nilisema nini? Nilisema, “Labda tulimkosea Akoth.” Tulimkosea! Niliwagawia wenzangu dhambi yangu kama mtu anayegawa samaki. Mmoja akajibu kwamba yaliyopita yamepita, na kazi ikaendelea. Moyoni nilifurahi hawakuuliza zaidi. Huo ndio uoga wangu, na umekaa nami mwaka mzima.

Ndugu zangu, hasa akina mama, kitu chenu kikiharibika, kiangalieni kwanza mlipokishika ninyi wenyewe. Chunguzeni kazi ya mikono yenu, hata ile mliyosifiwa. Msitafute mtu wa kubeba lawama, na msimtafute hasa yule ambaye hana wa kumtetea. Na mkigundua kosa, semeni siku hiyo hiyo! Kila siku mnayonyamaza inamvunjia mtu nyumba yake. Nawasihi, msifuate njia niliyopita.

Kijiti cha Akoth bado ninacho, nakitumia kila asubuhi. Gazeti hili likitoka nitalipeleka kibandani, na mmoja wetu anayejua kusoma vizuri atawasomea wenzake, nami nitakuwa nimekaa palepale. Nakala nyingine nitaipeleka Lambwe, binti yake amsomee. Sasa ni msichana mkubwa, na alikuwepo siku ile.

Wenzangu wa tanuri, nyar Lambwe hakuleta mkosi wowote. Tundu la moto nililiziba mimi, peke yangu, na nilijua tangu siku ile niliyomfukuza.