Vifungo vya Bi Tabia

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kufagia ua, Mashavu alikuwa akimpelekea mjomba wake chakula kazini. Mjomba Mcha alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Mwaka ule wa 1971 kazi zilikuwa Michenzani, ambako nyumba za udongo zilivunjwa ili yajengwe majumba ya ghorofa. Kabla ya misingi kuchimbwa, ilibidi ijulikane mabomba ya zamani yamepita wapi. Basi Mjomba Mcha alizunguka uwanja mzima na mashine yenye duara mbele, masikioni amevaa visikilizio. Ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, mashine ililia kama mbu.

Jumamosi moja ililia kando ya mafiga matatu yaliyosalia kwenye jiko la nyumba iliyovunjwa. Mjomba Mcha alichimba akitaraji bomba. Badala yake alitoa kopo lililooza kwa kutu, limejaa vifungo vyeusi vya koti. Mashavu alikisugua kimoja kwa mchanga. Kumbe kilikuwa cha fedha, na katikati kimechorwa kishada cha karafuu.

"Mjomba, nipe mimi!"

"Nakupa uviweke, sikupi viwe vyako. Hivi vina mwenyewe. Uliza mpaka umjue."

Mashavu aliitikia, lakini hakumuuliza mtu. Alitaka kwanza wenzake skuli wavione.

Jumatatu Mwalimu Muhiddin alivimwaga juu ya meza, na darasa zima la sita likamzonga. Mara Abdulla, aliyekaa dawati la nyuma ya Mashavu, alisimama.

"Mwalimu, hivyo ni vya babu yangu! Alikuwa askari. Nyumbani kimo kimoja kama hivyo hivyo, ndani ya kasha la bibi."

"Una hakika?" Mwalimu aliuliza.

"Hakika kabisa, Mwalimu."

Mwalimu Muhiddin alifurahi mno. Aliwaeleza wanafunzi habari za askari wa zamani, kisha akavikusanya vifungo na kumkabidhi Abdulla avirudishe kwao. Mashavu aliona giza. Yeye ndiye aliyevisugua, yeye ndiye aliyevileta, na sasa vinaingia mfukoni kwa mtu mwingine naye anatazama!

"Mwongo!" alipiga kelele. "Mwizi mkubwa we! Nyinyi nyote kwenu wezi!"

Abdulla alibadilika uso kama aliyepigwa kofi, akainama. Mashavu alitolewa nje na Mwalimu, akasimama juani mpaka kengele ya mapumziko, huku machozi ya hasira yakimtoka.

Nyumbani aliusukuma mlango kwa nguvu mpaka mama yake akatoka jikoni kuja kutazama. Mjomba Mcha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Lakini niambie, vifungo ni vya nani?"

Mashavu aliuvuta mkoba wake karibu.

"Basi wewe na Abdulla mmoja. Yeye kasema asilolijua, na wewe pia."

Maneno yale yalimzidishia hasira. Alifungua mkoba wake, na humo, chini ya madaftari, akakuta kifungo kimoja kilichosalia. Alikifumbata. Atamtafuta mwenyewe, alijiapia, na Abdulla ataumbuka mbele ya skuli nzima.

Siku ya pili alirudi Michenzani. Katika nyumba ambazo zilikuwa hazijavunjwa bado, alimkuta mama mmoja akitwanga kisamvu. Mama yule alinyoosha mchi kuelekea kwenye yale mafiga.

"Hapo ilikuwa nyumba ya marehemu Bi Mwanamkasi. Binti yake, Bi Sichana, sasa anakaa Mwanakwerekwe."

Jumapili Mjomba Mcha alimpakia kwenye baiskeli, wakenda. Bi Sichana alikuwa mtu mzima mwembamba, amekaa kibarazani akimenya mihogo.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu."

Mashavu alimpa kifungo. Kisu kikamponyoka bibi yule.

"Umekitoa kwa Tabia, siyo?" alimaka. "Miaka yote hii nasema! Tabia ndiye aliyeviiba!"

Aliwaeleza kwa hasira, kana kwamba mambo yametokea jana. Wakati wa vita vya Hitla, yeye na shoga zake walikuwa na kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake. Walishona makoti meupe ya kuchezea, mfano wa ya askari, na kila mmoja akatoa bangili yake moja ya fedha. Sonara aliziyeyusha bangili zile akawafulia vifungo. Vilikuwa vimewekwa chumbani kwa Bi Sichana, na mkesha wa ngoma ya harusi vikapotea. Aliyeingia chumbani siku ile ni Tabia peke yake.

"Nilimwita mwizi harusini, mbele ya wanawake wote. Kikundi kikavunjika. Mpaka leo hatusemezani."

Mjomba Mcha alikohoa kidogo. "Bi Sichana, havikutoka kwa Bi Tabia. Tumevichimba Michenzani, kando ya mafiga ya nyumba yenu."

"Jikoni?"

"Jikoni."

Bi Sichana alikigeuza kifungo kiganjani. "Jikoni kwa mama haingii mtu," alisema mwisho. "Mama aliichukia ngoma ile. Alisema nikivaa koti la kiume hana radhi na mimi." Mara akapiga mkeka kwa kiganja. "Basi ni yeye aliyevifukia! Na alinisikia nikimtukana Tabia! Alikuwepo, akanyamaza! Na mimi, mimi sikuuliza hata mara moja! Nipelekeni Malindi, kwa Tabia."

Aliposikia Malindi, Mashavu aliingiwa na baridi. Abdulla alikuwa akikaa mtaa huo huo wa Malindi, pale mjini, na bibi yake, na bibi yake akiitwa Bi Tabia.

Ndiye. Walimkuta ukumbini, mnene, mwenye miwani, na Abdulla kando yake akivipangusa vifungo kwa kitambaa. Bi Sichana alinyoosha mkono akilia na kumweleza kila kitu. Bi Tabia hakuupokea mkono ule.

"Ulinitangaza harusini," alisema, "leo unakuja kuniomba radhi ndani, mlango umerejeshwa? Nimemzika mume wangu watu wakininong'ona. Kifungo kimoja ninacho, ndiyo. Sonara alinipa nikipime kwenye koti. Nilikificha kashani, maana ningekionesha mngesema ndio ushahidi wenyewe. Na Jumatatu mjukuu wangu karudi skuli analia. Kuna mtoto kamwambia kwao wote wezi!"

Mashavu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitazama miguu yake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, bibi."

Bi Tabia alimwangalia, kisha akamgeukia Abdulla. "Na wewe! Nani alikwambia vifungo hivi ni vya babu yako?"

"Niliona kile cha kashani," Abdulla alijibu. "Babu alikuwa askari, basi nikadhani..."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Basi kila mmoja wenu akaseme pale pale aliposema mwanzo," alisema Bi Tabia. "Hapa kwangu sipokei msamaha wa mtu."

Siku ya pili skuli, Abdulla alisimama akasema hakuwa akijua, alidhani tu. Mashavu naye alisimama.

"Nilimwita Abdulla mwizi, na nikawatukana watu wa kwao. Si kweli. Naomba radhi."

Mwalimu Muhiddin alikiri kwamba na yeye alitoa vifungo kwa haraka, bila ya kuchunguza.

Mwezi ule ule palikuwa na harusi Kikwajuni. Wanawake walipokwisha kukaa, Bi Sichana alisimama, akaomba pakae kimya, na akasema yote, hadi jina la mama yake mwenyewe. Wengine walilia. Bi Tabia hakulia wala hakucheka. Alisogea tu kidogo juu ya mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa, na Bi Sichana akaja akakaa.

Vifungo waligawana wale wa kikundi waliokuwa bado hai. Mashavu hakupata hata kimoja, na kwa kweli lilimuuma. Siku ile ya kugawana, alipokwenda kumuaga Bi Tabia ili arudi kwao, alimuuliza, "Bibi, bado umekasirika?"

"Nimekasirika, mwanangu, na hasira hizi zitachukua muda kunitoka. Kukasirika si kosa. Wewe ulionewa darasani, ulikuwa na haki ya kukasirika. Kosa lako ni kuziacha hasira zikusemee. Kabla hujamwita mtu mwizi, uliza. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Sichana angelisema sijui siku ile, mimi naye tungelizeeka pamoja."