Dawa Ilishapelekwa

Siku za mavuno Evodia na mumewe Methusela waliondoka nyumbani kabla jua halijawa kali. Kijiji chao, Chigwasi, kiko mbali na barabara ya lami. Anayetaka kupeleka mahindi soko la Kibaigwa husafiri nusu siku. Methusela alikata mabua. Evodia alimfuata nyuma, akimenya mahindi na kuyatupa kwenye turubai. Binti yao Tereza alibaki nyumbani kupika ugali wa uwele na mlenda.

Asubuhi moja Methusela aliinua rundo la mabua yaliyolala chini tangu jana yake. Chini yake alikuwepo kifutu, nyoka mnene, mvivu, asiyemkimbia mtu. Alimuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Mama Tereza, nimeumwa," Methusela alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza kwamba amechomwa na mwiba.

Majirani walikuja mbio. Walifanya walichokiona kwa baba zao. Walikaza mguu kwa mpira wa baiskeli. Mmoja alichanja kidonda kwa wembe ili sumu itoke. Kisha walimpakia Methusela kwenye bodaboda, Evodia akakaa nyuma yake akimshikilia. Mguu ulikuwa umevimba hadi suruali ikambana.

Kwenye kituo cha afya alikuwepo tabibu Gaudence. Alipouona ule mpira alikunja uso, akaukata.

"Msikaze tena hivi," alisema. "Mnaua nyama ya mguu. Wala msichanje. Damu ya aliyeumwa na kifutu haigandi vizuri, sasa ona inavyomwagika."

"Tutajifunza, daktari. Mpe dawa ya sumu ya nyoka."

Gaudence hakumtazama. "Haipo, mama."

"Haipo leo, au haipo kabisa?"

"Haipo."

Alimtundikia Methusela dripu akaita gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limempeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya. Walilingoja mchana kutwa. Methusela alianza kutoka damu kwenye fizi. Alimwambia mkewe, "Mahindi umeyaacha kwenye turubai. Mbuzi watayala." Baada ya hapo hakusema neno jingine la kueleweka. Gari lilifika jua likizama. Methusela alifariki njiani, kabla ya kufika Kibaigwa.

Walimzika Chigwasi. Mahindi yaliyobaki shambani yalivunwa na majirani.

Mwezi uliofuata, wanawake kadhaa walikaa kwa Evodia kumsaidia kupukuchua. Miongoni mwao alikuwa Joha, mwenye shamba la alizeti lililopakana na la Evodia. Joha ni mtumishi katika ofisi za Bunge. Anaishi Miyuji, mjini Dodoma, na alikuwa likizo. Redio ilikuwa wazi. Ulikuwa wakati wa maswali na majibu bungeni.

Walimsikia mbunge wao akiuliza kama Serikali ina mpango wa kupeleka dawa ya sumu ya nyoka katika vituo vya afya vya jimbo lake. Naibu waziri akajibu kwamba dawa hiyo ilishapelekwa katika vituo vyote vya jimbo hilo. Mbunge akashukuru. Swali likaisha.

Evodia aliacha gunzi likaanguka. "Mimi nimezika mtu," alisema. "Huyo anazungumzia kituo gani?"

Tereza alizima redio.

"Anadanganya," Evodia alisema tena.

"Huenda hadanganyi, mdogo wangu," Joha alisema kwa upole. "Jibu lile naibu waziri hakulitunga pale. Swali la mbunge hupelekwa wizarani kabla ya siku yake. Wizara huuliza halmashauri. Halmashauri hutazama taarifa za vituo. Kama taarifa inasema dawa ilipokelewa, jibu linatoka hivyo."

"Na mbunge? Mbona amekaa kimya?"

"Angeweza kuuliza maswali ya nyongeza. Kanuni zinamruhusu. Lakini angeuliza nini? Hajui kilichotokea hapa. Nani amemwambia?"

Evodia alifikiri. Kweli, hakuna aliyemwambia. Walilia, wakazika, wakarudi mashambani.

"Basi nianzie wapi?"

"Anzia hapa hapa. Kituo kina kamati, na ndani yake mna wananchi. Waiteni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wakague. Watakachokiona kiandikwe, kipelekwe kwa diwani na kwa mbunge. Mimi siwezi kukusemea, ni mtumishi wa Bunge. Ila njia ndiyo hiyo."

Kabla ya mkutano, Evodia alikwenda kituoni kwa Gaudence.

"Dawa ilifika?" alimuuliza.

Gaudence alifunga mlango. "Ilifika, mama. Ni dawa ya kutunzwa kwenye baridi. Jokofu likafa wakati wa joto. Dawa ikaharibika, tukaiteketeza. Niliwaambia wakubwa zangu, wakasema nisubiri fundi."

"Kwa hiyo kwenye taarifa ipo."

"Kwenye taarifa ilipokelewa. Ni kweli ilipokelewa."

"Utayasema hayo mkutanoni?"

Mikono ya Gaudence ilikuwa mezani. Aliiondoa. "Mama, nina watoto. Nikisimama mbele ya watu kusema kituo changu hakina dawa, nitaambiwa nimeichafua halmashauri. Nitahamishwa."

Evodia alikuwa na hasira naye tangu siku ile. Alitaka kumwambia kwamba yeye pia ana mtoto, asiye na baba. Alijizuia.

"Sikuombi useme," alisema. "Kamati ikija, wewe fungua jokofu tu."

Mkutano ulikuwa mgumu. Mwenyekiti wa kamati alisema kamati haijakaa tangu mwaka uliopita kwa sababu wajumbe wana kazi nyingi. Mzee mmoja alisema kifo ni mapenzi ya Mungu, na mjane akae atulie. Evodia alisimama.

"Mungu nitazungumza naye mwenyewe," alisema. "Ninyi nawauliza habari ya dawa."

Wiki ile kamati ilikwenda kituoni. Gaudence alifungua jokofu, akaweka mezani daftari lenye rekodi ya dawa iliyoteketezwa. Ndani mlikuwa na mabunda ya karatasi na viatu vya mvua vya mlinzi. Mwenyekiti alivitoa viatu vile akaviweka sakafuni. Kisha akasema yaandikwe yote: jokofu, dawa iliyoteketezwa, gari moja kwa eneo lote, na kifo cha Methusela. Diwani alipeleka taarifa halmashauri. Nakala ilikwenda ofisi ya mbunge.

Mbunge alikuja Chigwasi mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda uani kwa Evodia na kumsikiliza hadi mwisho.

"Mama, nilikosea," alisema. "Niliuliza kama dawa itapelekwa. Ningeuliza kama ipo. Unaniruhusu nimtaje marehemu bungeni?"

"Mtaje," Evodia alisema. "Kwa jina lake."

Mkutano wa Bunge wa Novemba ulipofika, Evodia alilala kwa Joha huko Miyuji. Asubuhi aliingia bungeni kama mgeni wa mbunge. Aliacha simu mlangoni. Aliambiwa kwamba mgeni haruhusiwi kupiga makofi wala kusema lolote. Alikaa juu, kwenye viti vya wageni, kanga ameifunga vizuri.

Swali la mbunge lilisomwa: je, dawa ipo vituoni? Naibu waziri alijibu karibu kama alivyojibu mwanzo: dawa ilishapelekwa.

Safari hii mbunge alisimama tena. "Mheshimiwa Spika, ninayo maswali mawili ya nyongeza. Mwezi wa tano, mkulima wa Chigwasi aitwaye Methusela aliumwa na nyoka. Alifika kituoni akiwa hai. Dawa iliyopelekwa ilikuwa imeharibika kwa sababu jokofu ni bovu. Je, Serikali inaweza kulieleza Bunge, dawa ya kituo kile iko wapi leo? Na je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akaone mwenyewe?"

Naibu waziri alipekua karatasi zake, kisha akaziacha.

"Mheshimiwa Spika, naipa pole familia. Taarifa niliyonayo inaonyesha dawa ilipelekwa. Kama haipo, basi kupelekwa hakutoshi. Tutapeleka jokofu na dawa nyingine, na nipo tayari kuongozana naye."

Spika akaita swali lililofuata. Lilihusu daraja.

Evodia hakuamini kwamba yamekwisha. Alikuwa ametembea miezi yote ile kwa ajili ya maneno machache, na sasa watu wanazungumzia daraja. Nje, aliketi kwenye ukingo wa maua na kulia.

"Ametajwa," Joha alimwambia.

"Ametajwa," Evodia aliitikia. "Lakini hajarudi."

Krismasi ilipita. Januari ikapita. Hakuna jokofu lililokuja, wala naibu waziri hakufika. Chigwasi watu walianza kusema, si tulikuambia. Evodia alimpigia Joha simu.

"Maneno yale yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge," Joha alisema. "Ni ahadi ya Serikali. Mbunge anaweza kuiulizia tena. Lakini kamati yenu imkumbushe. Msingoje akumbuke peke yake."

Kamati ikamkumbusha. Diwani naye akaiuliza halmashauri kwenye baraza la madiwani. Mwezi wa tatu wataalamu wa wizara walifika, na baada yao likaja jokofu linalotumia umeme wa jua. Dawa ikaja. Gaudence alipelekwa mafunzo ya kuitumia. Hakuhamishwa. Wanakijiji walimchagua Evodia kuingia kwenye kamati, na kila inapokaa yeye huuliza dawa zipo ngapi na zinaharibika lini.

Mavuno yaliyofuata, mfugaji aitwaye Daudi aliumwa na kifutu karibu na zizi. Majirani walikimbilia pale, Evodia miongoni mwao, na mtu mmoja akaleta kamba.

"Hapana," Evodia alisema. "Msikaze, msichanje, msimpake mafuta ya taa. Mvueni kiatu. Mlazeni, asitembee."

Walinyoosha mguu, wakaufunga na ubao kwa kanga, bila kubana, usitikisike. Walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, watu wakiuvuta wenyewe hadi barabarani, na gari la wagonjwa likampokea pale. Kituoni Gaudence alimchoma dawa. Kufikia kesho yake uvimbe ulikuwa umesimama, na Daudi aliomba uji.

Mkewe Daudi alitoka wodini akamshika Evodia mikono yote miwili. "Nikushukuru vipi, dada?"

Evodia alitazama mlango wa wodi. Ndani, Gaudence alikuwa akimpima mgonjwa, na wote wawili walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe.

"Njoo kwenye kamati," alisema. "Tunakaa mwezi ujao. Tuna gari moja tu la wagonjwa, na hilo bado halijaulizwa."