Sura Chini ya Kitambaa

Kitambaa kilikuwa kimefura. Mama Shoto alikuwa amekikaza jana kwa mikono yake mwenyewe, akakipigilia nyuma ya fremu, na mtu anayeishi kwa cherehani habahatishi katika kukaza kitambaa. Lakini sasa katikati palikuwa na kinundu, na chini yake kingine kidogo. Pua na kidevu. Alikibonyeza kwa kidole, kikabonyea, akajiambia ni unyevu wa ukuta tu.

Chokochoko aliianza wifi yake, yule mwenye ulimi wa pilipili. "Hii ni sebule, wifi, au stoo? Ukuta mtupu haupendezi!"

Mama Shoto alicheka mdomoni, moyoni akaumia. Pesa ya kununua picha za ukutani hakuwa nayo, ila mabaki ya vitambaa vya wateja yalijaa tele chini ya cherehani. Basi akaokota fremu kuukuu zilizotupwa nje ya nyumba ya marehemu mmoja mtaani. Ndani ya kila fremu alikuwamo mwanamke yuleyule, amekaa wima, anamkodolea macho anayemtazama. Mwenye akili zake angezitoa picha zile kwanza. Yeye aliona zimegandishwa kwenye ubao mgumu, ubao unaofaa kabisa kushikilia kitambaa, kwa nini anunue mwingine? Akamfunika mwanamke usoni, fremu moja baada ya nyingine, akapigilia.

Sebule ilipendeza, tusimnyime haki yake. Wifi alikuja akatazama, akakosa la kusema, na kwake huo ni ugonjwa.

Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, mchana kweupe, jiko likiwa limezimwa. Ikafuata sauti: tk, tk, tk, kama sindano inayotoboa kitambaa kilichokazwa, nayo ilitoka upande wa ndani. Na Shoto, bintiye wa pekee, aliyepewa jina hilo kwa kushika kila kitu kwa mkono wa kushoto, aliacha kucheza. Akawa anasimama uso ukutani, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na yule uliyemziba pumzi."

Mama Shoto alimshika bega akamgeuza. "Anataka nini?"

Mtoto alishusha sauti zaidi. "Anasema kama ni lazima uso uzibwe, usiwe wake."

Jioni ile Mama Shoto alinyoosha mkono kubandua fremu ya kwanza, na vitambaa vyote vikavuta pumzi kwa pamoja, vikaingia ndani, vikatoka, vikaingia tena, harufu ya nywele ikamkaba koo, tk tk tk ikazunguka kuta zote nne mpaka hakujua inatoka wapi, akamnyakua bintiye akakimbilia uani akipiga kelele, na mtoto mikononi mwake alikuwa baridi, mzito, na hakulia hata kidogo.

Wifi, kwa pilipili zake zote, ndiye aliyekimbia kumleta mganga.

"Mmemfunika jini usoni," mganga alisema mlangoni, hata kabla hajavua viatu. Alinyunyiza maji, akasoma, akafoka, akatetemeka, mpaka jasho likamlowesha shati. Harufu ikakatika. Vitambaa vikatulia.

"Amebanduka ukutani," alisema akihema. "Zifungueni hizo fremu, mzichome moto."

Wifi akamsindikiza. Mama Shoto alimrudisha bintiye sebuleni, akamkumbatia, akalia kwa furaha bila haya, akamletea kikombe cha maji. Mtoto alikipokea, akanywa taratibu, akafuta mdomo.

Kwa mkono wa kulia.

Mama Shoto alichukua mkasi wake wa kazi akachana kitambaa cha kwanza. Ubao mtupu. Akachana cha pili, cha tatu, vilivyofuata. Ubao mtupu, mwanamke hayumo. Alipofikia cha mwisho alichana kwa pupa hata mkasi ukamkata kidole.

Ndani yake alikuwamo Shoto, amevaa gauni lake la siku ile, mdomo wazi, kiganja cha kushoto kimebandikwa upande wa ndani wa picha kama anayesukuma mlango.

"Mwanangu!" Mama Shoto alikwaruza ubao kwa kucha. "Mwanangu, niko hapa!"

Nyuma yake kikombe kiliwekwa chini. Mkono mdogo wa kulia ukaokota kitambaa, ukakikung'uta, ukamnyooshea.

"Mfunike, mama," ilisema sauti ya mtu mzima. "Ukuta mtupu haupendezi."