Mguu wa Kwandu na Mikono ya Luhaga

Kwandu hakujua kutulia. Nyumbani kwao Somanda, mjini Bariadi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alifagia uwanja, akajaza ndoo mbili bombani, akanywa uji akiwa amesimama mlangoni, kisha akatoka mbio kwenda shule huku mkoba ukimpiga mgongoni.

"Kwandu, tembea! Bodaboda hizo hazina macho!" mama yake, Eufrasia, alimwita kutoka barazani alikokuwa akishona sare za wanafunzi. Kila siku alisema hivyo, na kila siku mwanawe alikuwa ameshapita kona.

Mwezi huo wa Juni Kwandu alikuwa na sababu ya kukimbia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mbio za mita mia nane hakuna msichana shuleni aliyemfikia. Jumamosi walimu wangechagua wanariadha wa wilaya watakaokwenda mashindano ya mkoa. Aliwaza Jumamosi hiyo akila, akifua, hata akiwa kwenye hesabu.

Jumanne jioni, wakiwa mazoezini, alikanyaga shimo lililofunikwa na nyasi kavu. Mguu wa kulia ulipinduka, akaanguka. Alipojaribu kusimama, maumivu yalimpanda hadi gotini.

Mwalimu Ndaki, mwalimu wao wa michezo, alimkalisha chini na kumwekea kitambaa chenye maji baridi kwenye kifundo cha mguu, ambacho kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Usiukanyage. Mwambie mama akupeleke hospitali kesho asubuhi, mguu upigwe picha."

"Na Jumamosi, mwalimu?"

"Kwanza mguu, Kwandu."

Jibu hilo halikumridhisha. Hospitali wangemwambia apumzike, na kupumzika ndiko alikokuogopa kuliko maumivu. Alipofika nyumbani alivaa soksi ndefu na kumwambia mama kwamba ameteleza kidogo tu, kesho atakuwa mzima. Mama alikuwa na lundo la sare za kumaliza, akamwamini.

Kesho yake, baada ya masomo, rafiki yake Shifa alimwona akichechemea.

"Karibu na stendi kuna mtu anaitwa Luhaga," Shifa alisema. "Anachua misuli. Mjomba aliumwa mgongo, akamchua, siku ya pili akaenda zake kazini."

"Anaweza kuniponya kabla ya Jumamosi?"

"Twende tukamuulize."

Kibanda cha Luhaga kilikuwa na bango kubwa la rangi nyekundu: MASAJI – MGONGO, NYONGA, MISHIPA, KISUKARI, PRESHA, KUKOSA USINGIZI. Mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya upole. Hakuuliza Kwandu ameumiaje, wala lini, wala mzazi wake yuko wapi. Aliutazama mguu, akacheka.

"Mshipa umeruka tu huu. Leo nakuchua bure, ili ukipona ukawaambie watu."

Alichota mafuta yenye harufu kali ya kafuri, akaukamata mguu na kuanza kuukanda kwa vidole gumba. Kwandu alipiga ukelele.

"Vumilia! Ukisikia maumivu, ujue dawa inaingia," Luhaga alisema, akauvuta mguu na kuuzungusha. Kitu fulani kililia 'ka!' ndani. Kwandu aliona giza, akamng'ang'ania Shifa begani. Shifa alikuwa ameshaanza kulia.

"Tayari. Mshipa umerudi," Luhaga alisema akifuta mikono.

Lakini Alhamisi asubuhi mguu ulikuwa umevimba maradufu na umegeuka zambarau. Kwandu aliulazimisha kuingia kwenye kiatu, akaenda shule akishika kuta na miti. Alimwambia Mwalimu Ndaki kwamba mama ameahidi kumpeleka hospitali kesho. Kila uongo ulihitaji mwenzake. Darasani hakusikia hata neno moja. Alibadilisha mkao, akahesabu saa, akajiambia kwamba bado kuna siku mbili. Siku mbili ni nyingi.

Aliporudi nyumbani mchana alimkuta bibi yake, Martha, amefika kutoka Lagangabilili. Bibi alikuwa ameugua malaria kali na kulala kitandani majuma mawili. Sasa homa ilikuwa imeisha, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umevimba kuanzia kigimbi kwenda chini.

"Mwadila, bibi," Kwandu alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," bibi aliitika, akimwita mama kwa upendo. "Njoo ukae hapa. Mbona unatembea kama kuku aliyefungwa kamba?"

"Viatu vinanibana, bibi."

Kwandu aliugusa mguu wa bibi. Ulikuwa wa moto upande mmoja tu, na ngozi imevutika hadi inang'aa.

Mama aliingia akifunga kitenge kiunoni. "Mama Hanif wa duka la jirani anasema kuna mchuaji hodari karibu na stendi, Luhaga. Ameshampigia simu, anakuja sasa hivi amkande bibi huo mguu."

Moyo wa Kwandu ulianza kwenda mbio kuliko miguu yake ilivyowahi kwenda. Angesema nini? Akisema anamjua Luhaga, angeulizwa amemjulia wapi. Soksi ingevuliwa. Jumamosi ingekwisha. Aliinuka, akaketi, akainuka tena, akaenda mlangoni, akarudi.

"Una nini wewe leo?" mama aliuliza.

"Hamna kitu, mama."

Pikipiki ilisimama nje. Luhaga aliingia na kopo lake la mafuta, akasalimia kwa adabu, akapiga magoti mbele ya bibi. Vilevile hakuuliza kitu. Alifungua kopo, na harufu ya kafuri ikajaa chumbani. Alisugua viganja, akavipeleka kwenye kigimbi cha bibi.

"Usimguse!"

Wote waligeuka. Kwandu alishangaa kusikia kwamba sauti ile ilikuwa yake.

"Kwandu! Ndivyo unavyoongea na mgeni?" mama alisema.

Kwandu aliketi sakafuni, akavua kiatu, akavuta soksi. Mama alipouona mguu, alishika kinywa.

"Nilianguka Jumanne, mama. Mwalimu alisema nipelekwe hospitali, mimi nikakudanganya. Jana nilikwenda kwake, akanichua, ukawa hivi. Nilitaka nikimbie Jumamosi." Machozi yalimtoka, lakini hakunyamaza. "Usimwache amkande bibi."

"Mtoto huyu hakupumzisha mguu," Luhaga alisema haraka. "Kosa si langu."

Mama alimtazama bila kupepesa. "Kaka Luhaga, kazi hii umeisomea wapi?"

"Dada, mimi cheti changu ni hii mikono."

"Una kibali chochote? Ulimuuliza mtoto kama mfupa umevunjika? Umemuuliza mama yangu alikuwa anaumwa nini?"

Luhaga alifunika kopo lake, akainuka.

Bibi Martha alimgeukia. "Basi, baba, leo mikono yako ipumzike," alisema, akaushusha upindo wa gauni juu ya mguu wake.

Luhaga alipoondoka, bajaji iliwapeleka wote watatu hospitali. Njiani mama alimshika bibi mkono na kumgeuzia Kwandu bega.

Daktari aliyempima bibi alimuuliza maswali mengi, kisha akaagiza apelekwe kwenye kipimo cha altrasaundi. Majibu yalipotoka alimwita mama. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu wa bibi, kwa sababu alilala muda mrefu bila kujongea.

"Kuna mtu aliyeukanda?" daktari aliuliza.

"Mmoja alikuwa karibu kuukanda," mama alijibu.

"Mshukuruni Mungu. Bonge la damu likisukumwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na mgonjwa akafa ghafla. Tutamlaza, tumpe dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda."

Mama alimgeukia Kwandu. Alimvuta kifuani, akamshika hivyo kwa muda, huku amekasirika bado.

Picha ya mguu wa Kwandu ilionyesha ufa kwenye mfupa. Alifungwa plasta ngumu kwa majuma sita. Jumamosi alishinda kitandani akisikiliza magari ya pamba yakipita barabarani, akigeuka huku na huku kama mtu aliyelalia miiba. Jioni Shifa alikuja kumwambia nani aliyechaguliwa. Kwandu alijifunika shuka usoni, akalia, kisha akamuuliza msichana huyo alikimbia vipi. Bibi alikaa hospitali siku sita, akarudi nyumbani na dawa zake. Mama alimpasha habari bwana afya wa kata, naye akaenda kwa Luhaga na kumwamuru aache kutibu watu.

Plasta ilipoondolewa, mguu wa Kwandu ulikuwa mwembamba na mkavu kama kuni. Daktari alimpeleka kwa Bi Rahma, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kuchua. Leseni yake, yenye jina lake, ilitundikwa ukutani.

Bi Rahma alinawa mikono, akasoma faili lote. Alimwomba mama akae humo humo chumbani. Alimuuliza Kwandu aliumiaje, anasikia maumivu wapi, anatumia dawa gani. Kisha akasema, "Sasa nataka kukuchua hapa juu ya kifundo ili misuli ilegee. Unaniruhusu? Ukiumia, sema, nami nitaacha papo hapo."

Kwandu alishangaa. "Kumbe kuchua si lazima kuume?"

"Unaweza kuhisi kuvutwa, lakini si hadi upige kelele za kuchinjwa," Bi Rahma alisema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Vidole vyake vilikwenda taratibu. Kwandu alihisi joto likishuka hadi kwenye unyayo.

"Nitakimbia lini?"

"Unaanza kwa kutembea. Nitakupa mazoezi ya kila siku. Ukiruka siku moja, nitajua."

"Luhaga alisema anatibu kila kitu," Kwandu alisema.

"Hapo ndipo mlipopaswa kumwogopa," Bi Rahma alijibu. "Kuchua ni tiba nzuri, hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Lakini mfupa uliovunjika haukandwi, wala mguu uliovimba na kuwa wa moto, wala jeraha bichi. Mwenye ujuzi anaujua mguu asiopaswa kuugusa, na atakuambia nenda kwa daktari. Kwa hiyo kabla hujampa mtu mwili wako, uliza amesomea wapi na leseni iko wapi. Mtu anayechukia maswali hayo, muage. Na wewe ni mtoto, usiende kwa mtu wa kukushika mwili bila mzazi kujua."

"Nimeelewa, Bi Rahma."

Majuma yaliyofuata Kwandu alitembea kila asubuhi na bibi yake, polepole, hadi kwenye duka la Mama Hanif na kurudi. Bibi aliambiwa asikae muda mrefu bila kujongea, na Kwandu aliambiwa asikimbie. Hakuna jambo lililowahi kumshinda kama mwendo ule wa kobe. Asubuhi moja alisimama, akapiga teke jiwe dogo kwa mguu wa kushoto.

"Bibi, ningesema Jumanne ile ile, saa hizi ningekuwa ninakimbia?"

"Labda," bibi alisema, akiegemea bega lake. "Na usingesema Alhamisi, mimi nisingekuwa hapa nikitembea. Mwili ukiumwa, mayu, unasema. Wewe ndiye mdomo wake. Ukiufunga mdomo huo kwa uongo, hata daktari mwenye leseni kumi hatasikia."