Mlango Aliouacha Mkuu

"Sindano. Maziwa yamechacha."

Mjomba, kama walivyomwita kiongozi wao wa upelelezi, akakata simu.

Sindano akasimama kwenye ngazi za ofisi za kampuni ya malori, akijifanya fundi wa nyaya, mkoba begani, bastola ya Beretta chini ya ovaroli. Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: dereva ameshikwa. Na dereva huyo, aliyejipenyeza kwa wasafirishaji wa dawa bandia, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza katika kazi hii. Roho ikamuuma, akapanda hivyo hivyo.

Ujumbe mfupi wa Mjomba ukafuata: walikuwa wamemfungia ndani ya kontena la lori lake mwenyewe. Chuma kitupu, na jua la mchana.

Namba ya lori Sindano aliijua. Lilipo, hakujua. Hilo lilijulikana na hifadhidata ya kampuni peke yake, nayo ilikaa mawinguni, kwenye mitambo ya kukodi ng'ambo. Nywila alikuwa nayo. Mdogo wake aliiiba kabla hajashikwa. Ila hifadhidata ile humfungulia anayebisha kutoka ndani ya jengo hili tu.

Akaketi kwenye dawati tupu, akafungua kompyuta yake ya Lenovo, akachomeka waya wa mtandao.

Duara likazunguka. Likazunguka tena.

*Muunganisho umeshindikana.*

Akanong'ona kwenye redio ndogo iliyofichwa kolani. "Mjomba, nimegonga ukuta. Mtandao wao unapitisha kurasa za kawaida tu. Mlango wa hifadhidata umefungwa."

"Zunguka."

"Nimezunguka kote."

"Kontena lile halina tundu, mwanangu."

"Najua, Mjomba."

Kivuli kikaangukia dawati. Alikuwa fundi mtandao wa kampuni, kijana mwembamba mwenye kikombe cha chai.

"Dada, unahangaika bure. Humu hapiti hata inzi. Milango yote nimeifunga mwenyewe."

"Yote?"

"Labda kompyuta ya mkuu." Akashusha sauti. "Nilipoifunga, mpira ukawa unamkatikia. Akaniambia, 'Yangu iache wazi, kwani mimi mwizi?' Na leo kuna mechi. Akitoka kula akute inakwama, kibarua kimeota nyasi."

"Nikuangalizie waya wake?"

"Utakuwa umeniokoa." Akampa ufunguo.

Ofisi ya mkuu ilikuwa baridi, mapazia yameshushwa. Sindano akakalia kiti cha ngozi. Akaivuta kompyuta ya mkuu. Akaandika nywila, akabonyeza.

Hifadhidata ikafunguka.

"Mjomba. Machimbo ya zamani ya kokoto, upande wa nyuma. Injini imezimwa."

"Tunaenda."

Angeweza kutoka hapo hapo. Lakini njia za malori yote zilikuwa mbele yake, kila shehena na mpokeaji wake. Akaanza kuzinakili kwenda kwa Mjomba. Nakala zikatiririka polepole mno.

Hatua koridoni. Kitasa kikazunguka. Haraka akafungua mechi, ikazifunika nakala zile.

Mkuu aliingia na mlinzi wake, mkono wa mlinzi ukiwa ndani ya koti.

"Nani kakuruhusu kukalia kiti changu?"

Sindano akamgeuzia skrini taratibu. Wachezaji walikuwa wakiingia uwanjani.

"Ilikuwa inakwama, mkuu. Sasa haikwami."

Mkuu akamtazama sana. Akatazama mpira. Mlinzi hakutoa mkono kotini.

"Haya, toka."

Akatoka. Nyuma ya mechi ile, kwa mlango aliouacha wazi mwenyewe, siri zake ziliendelea kumtoka mkuu huku akishangilia.

Ngazi zilikuwa ndefu. Redio ya kolani ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko mkono wa mlinzi kotini.

Alipofika mlango wa nje, Mjomba akaita. "Nakala zote zimefika. Malori yanazuiwa sasa hivi."

"Sikukuuliza malori."



"Tumefungua kontena."

Sindano akashika ukuta. "Sema, Mjomba."

"Anaomba maji. Na anauliza dada yake alikuwa wapi siku nzima."

Pumzi ikamtoka. Magari ya polisi yakaanza kuingia uani. Akafungua vifungo vya ovaroli, akampa bawabu ufunguo wa mkuu.

"Mwambie mpira uko safi," akasema, akashika njia yake.