Mstari Uliozunguka Picha

Kitu cha kwanza alichokiona Manal kilikuwa mstari. Ulikuwa mwembamba, kama mtu aliyepitisha ukucha juu ya karatasi, nao ulizunguka picha pande zote nne. Kabla picha haijapelekwa kwa fundi, mstari ule haukuwapo.

Kila siku akirudi shule, Manal alivua viatu mlangoni, akambusu Bibi mkono, akanywa maji, kisha akachukua kitambaa kupangusa vioo vya ukumbini. Alianza na kabati la vikombe, akaja kwenye saa, akamalizia na picha ya Babu. Picha ile aliijua kuliko mtu yeyote nyumbani. Ilikuwa ya uchochoro wa mawe wenye ngazi nyingi, kamba imefungwa dirisha hadi dirisha, na mwanamke aliyeshika shuka analikamua. Nguo zilizoanikwa zilikuwa kumi na moja. Manal alizihesabu tena siku hiyo. Zilitimia. Lakini ule mstari ulitoka wapi? Na mbona karatasi ilionekana pana zaidi, na nyeupe zaidi pembeni?

Marehemu Babu aliipata picha hiyo alipokuwa kijana, akisomea uhandisi huko Edinburgh, mji mkuu wa Uskochi. Mama mwenye nyumba aliyopanga, Isobel Rennie, alikuwa mchoraji. Siku ya kuagana alimzawadia picha aliyoichora mwenyewe kwa sindano kwenye bamba la shaba, akaipiga chapa kwa mikono yake. Babu alikuja nayo Maskati, akahama nayo nyumba tatu, na mwisho ikatundikwa hapa, mtaa wa Darsait.

Sasa picha ilikuwa na safari nyingine. Wiki iliyofuata, shule ya Manal ilikuwa na maonyesho ya sanaa, na darasa lao lilipewa Uskochi. Abla Fajr, mwalimu wao wa sanaa, aligawa majina ya wasanii. Rafiki yake Manal, Shurooq, alipewa David Roberts, mtoto wa fundi viatu aliyeanza kwa kupaka rangi nyumba za watu, kisha akaenda kuchora mahekalu ya Misri. Mazoon alipewa Eduardo Paolozzi, mchongaji ambaye wazazi wake waliuza aiskrimu. Manal alipata James McBey, karani wa benki aliyejifunza uchoraji wa shaba kutoka kitabu cha maktaba, na kupiga chapa picha zake za mwanzo kwa mashine ya kukamulia nguo. Picha zao zote zingetolewa kwenye kompyuta. Ya Babu ndiyo peke yake ingekuwa ya kweli, kazi ya mkono wa Mskochi.

Kwa kuwa fremu yake ilikuwa imeliwa na wadudu, Bibi aliipeleka kwa fundi Safwan, mwenye karakana ya fremu mtaa wa pili. Fundi alisema njooni kesho. Kesho ikawa siku nne. Halafu Manal alikumbuka mambo mengine. Alikumbuka fundi alivyoitazama picha kwa muda mrefu, akasema, "Mnajua mlichonacho hapa?" Alikumbuka pia alivyotoa simu na kuipiga picha, mbele na nyuma. Kwa nini mtu apige picha kitu kisicho chake?

"Bibi," aliita, "njoo utazame."

Bibi yake, Bi Masouda, alikuja taratibu. Wiki tatu nyuma alitolewa mtoto wa jicho, na tangu siku hiyo alikuwa akigundua vumbi kila pembe ya nyumba. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Mstari nnauona," alisema. Kidole chake kikashuka hadi chini ya picha, kwenye ukanda mweupe ulio ndani ya mstari, upande wa kulia. "Na jina? Jina lake yule mama liko wapi? Aliliandika hapa, kwa penseli, mkono wake mwenyewe."

Manal alikikunja kitambaa chake.

"Kha!" Bibi alisema. "Hii si picha yetu. Yule mtu wa bara katubadilishia!"

Manal alijua jina lilikokwenda. Alipokuwa na miaka kumi, kioo cha picha kilivunjika, na kwa siku mbili picha ililala mezani wazi. Aliona maandishi ya penseli yaliyokwenda upande, akadhani ni michoro ya mdogo wake, Badr. Akachukua raba, akafuta polepole, akapuliza vumbi, akafurahi kwamba ameisafisha picha ya Babu. Wiki ile ile walikuja wageni. Babu, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, aliweka kidole pale pale patupu akasema, "Hapa kaandika jina lake mwenyewe." Manal alisimama na sinia la kahawa mkononi. Hakusema kitu. Babu aliwaonyesha wageni mahali pale mpaka mwaka aliofariki.

Angeweza kusema sasa. Lakini mstari je? Na siku nne? Na simu? Fundi alikuwa mwizi tu, Manal alijiambia. Ameiba picha ya kweli akaleta ya bandia. Jina halibadilishi kitu.

Kesho yake shuleni, Manal, ambaye kwa kawaida husikika darasani pale tu anapoitwa kwenye daftari la mahudhurio, alimsimulia Shurooq. Shurooq akaita wenzake. Wasichana saba wakamzunguka.

"Wallahi kaibadilisha?" aliuliza Mazoon.

"Hata jina la mchoraji halipo," alisema Manal, na palepale akatamani angeyameza maneno yake. Lakini wote walikuwa wakimtazama kwa mshangao, na hakuwahi kutazamwa hivyo.

"Mimi tangu zamani simwamini," Shurooq alisema. "Fundi gani hacheki?"

"Kwani wewe umewahi kumwona?" aliuliza Mazoon.

"Nimepita nje ya duka lake."

Kabla ya kengele ya mwisho habari zilikuwa zimemfikia Abla Fajr. Fundi Safwan ndiye aliyekuwa atengeneze fremu zote za maonyesho. Abla alikuja hadi kwenye dawati la Manal, akainama.

"Ni kweli, mwanangu? Maana kama ni kweli, kazi ya shule nitampa mtu mwingine. Siwezi kukabidhi vitu vya watoto kwa mtu wa namna hiyo."

Manal alitikisa kichwa kukubali. Alifanya hivyo mara moja tu, tena kidogo.

Jioni Mjomba Mahfoudh, ndugu yake mama, aliwachukua Bibi na Manal kwa gari hadi karakana. Picha ilikuwa mapajani mwa Bibi, imefungwa kwenye shuka. Karakana ilinuka gundi na mbao. Ukutani palikuwa na vipande vingi vya mbao vilivyokatwa kwa urefu mmoja, vimefungwa kwa kamba.

"Karibuni, Mama," alisema fundi Safwan. Alikuwa mzaliwa wa Tabora, mwembamba, na kweli hakuwa mcheshi. "Hizi ndizo za shule. Nimeshazikata. Lakini mwalimu amenipigia sasa hivi, ameniambia nisimame, na sababu hakunipa."

"Sababu tunayo sisi," alisema Mjomba. "Fundi, picha yetu iko wapi?"

"Si hiyo mliyoibeba?"

"Hii ina mstari ambao yetu haikuwa nao. Na ile yetu ilikuwa na jina."

Fundi alijibu kwa sauti ya chini. "Mama, mimi miaka ishirini na mbili natia fremu picha za marehemu wa watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo." Akafungua picha kutoka kwenye shuka, akaitoa kwenye fremu, akailaza mezani. "Nianze na mstari."

Akachukua kipande cha karatasi nene, akakilowesha maji kidogo, akakiweka juu ya bati dogo, na kukiviringishia bomba la chuma kwa uzito wake wote. Alipoinua karatasi, kingo za bati zilikuwa zimeacha alama, mstari mwembamba pande zote nne.

"Picha ya shaba hupigwa chapa hivi. Karatasi mbichi, bamba chini, mgandamizo juu. Bamba linazama kwenye karatasi. Picha ya kompyuta haina alama hii. Mstari huu ndio unaowaambia kwamba picha yenu ni ya kweli."

"Na mbona hatukuwahi kuuona?" aliuliza Bibi.

Fundi alitoa chini ya meza karatasi ngumu, kuukuu, iliyokatwa dirisha katikati. Ilikuwa ile iliyozunguka picha ndani ya fremu ya zamani. Akaiweka juu ya picha. Mstari ukapotea wote, na picha ikarudi kuwa ndogo kama zamani. "Hii iliuziba. Ilikuwa imeoza, na kutafuta nyingine isiyoharibu karatasi ndiko kulikonichukua siku nne. Nikaikata pana makusudi, mstari uonekane. Nilidhani mtafurahi."

Manal aliutazama ule mstari. Mashine ya kukamulia nguo! Alikuwa ameikariri habari ya McBey neno kwa neno, na hakujiuliza hata siku moja ile mashine iliiachia karatasi nini.

"Na jina?" Mjomba hakulegeza. "Karatasi hii haikulificha jina."

"Jina sikulikuta."

"Ah! Hukulikuta."

"Kila kitu cha watu kikiingia hapa nakipiga picha kabla sijakigusa, kwa sababu ya maneno kama haya." Akafungua simu yake, akawapa. Picha ilionekana katika fremu yake ya zamani. Lakini kioo kilikuwa kimerudisha mwanga wa taa, na mng'ao mweupe ulikuwa umeangukia pale pale, kwenye kona ya kulia. Palikuwa na jina au hapakuwa na jina, mtu hangeweza kujua.

"Bahati yako mbaya, fundi," alisema Mjomba.

"Hata mimi naona hivyo." Fundi alisogeza taa ya mezani, akailaza mpaka mwanga ukapita ubavuni mwa karatasi. "Tazameni. Hapa nyuzi za karatasi zimesimama. Kuna mtu amefuta kwa raba."

"Na picha ilikuwa mikononi mwa nani?" Mjomba aliuliza. "Raba huna humu?"

Fundi alitazama mezani. Raba ilikuwapo, karibu na rula. Aliiweka chini taa, akaanza kukunja shuka la Bibi, kona kwa kona, kama mtu ambaye hana tena la kufanya. Bibi alitazama zile mbao za shule ukutani, kisha akatazama nje.

Manal alitaka kusema. Kinywa chake kilifunguka, na sauti haikutoka. Basi akasogea hadi mezani. Akaweka kidole chake kwenye kona ya kulia, bila kugusa karatasi, akakipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayefuta. Kisha akaficha uso wake kwa mtandio na kulia.

Mjomba Mahfoudh ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza.

"Lini?" aliuliza Bibi.

Manal aliinua vidole viwili.

"Miaka miwili. Babu yako alikuwa bado yu hai." Bibi alivuta pumzi. "Na jana nilipomwita huyu mwizi, ulikuwa umesimama pembeni yangu."

Manal alizidi kulia. Fundi Safwan alimsogezea kiti. "Mwache, Mama. Ni mtoto, na alidhani anasafisha. Yaliyopita khalas."

"La, fundi. Kufuta nimemsamehe, alikuwa hajui. Kunyamaza alikuwa anajua." Bibi akamshika Manal kidevu, akamwinua uso. "Nisikilize, mwanangu. Ukimshuku mtu, muulize. Mimi mtu mzima nimeshuku bila kuuliza, tena nimemtia ila kwa alikozaliwa, na hilo ni kosa langu. Fundi, nisamehe. Lakini wewe, Manal, ulikuwa na jambo moja la kweli mkononi, ukalificha kwa sababu lilimsaidia mtu uliyekwisha kumhukumu. Hiyo si shaka tena. Hiyo ni dhuluma."

"Nisa... nisa..." Manal hakumaliza.

"Machozi hayatoshi. Fundi hakuchafuliwa kwa machozi, kachafuliwa kwa maneno, na maneno hayo yako shuleni. Yasafishwe huko huko, na kwa maneno."

Usiku ule ule Bibi alimpigia simu Abla Fajr, akamwambia jambo moja tu: fundi aendelee na kazi, na sababu ataisikia kwa Manal.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Fremu za fundi Safwan zilipangwa ukutani, zote zimenyooka. Roberts alikuwa na mahekalu yake, Paolozzi na sanamu zake za chuma, na mwisho wa ukuta palikuwa na uchochoro wa mawe wenye nguo kumi na moja. Mstari wa bamba ulionekana wazi. Bibi alikaa mbele. Fundi alisimama karibu na mlango, kofia yake imekaa vizuri kichwani, kama mtu aliye tayari kuondoka wakati wowote.

Abla Fajr alimwita Manal aeleze picha yake. Alieleza bamba la shaba, sindano, karatasi mbichi na mashine. Akamtaja Isobel Rennie. Mama mmoja mgeni akanyoosha mkono.

"Na mchoraji hakutia jina lake?"

Shurooq na wenzake wakageuka kumtazama Manal, wote saba. Manal alitafuta uso wa fundi Safwan kule mlangoni, akaupata. Akasema kwa Kiarabu, ukumbi mzima usikie, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya Bibi na fundi, na safari hii sauti ilitoka:

"Alilitia. Mimi ndiye niliyelifuta, nikamwacha Babu aonyeshe wageni mahali patupu, nikawaacha ninyi mseme ni fundi Safwan."