Msichana wa Kitanda cha Pili

Haya yalimpata Maurice Kiptoo, mtoto wa shangazi yangu, hapa hapa Doha, na alinisimulia mwenyewe tukiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nitayaweka kama alivyonipa. Penye kosa langu nitalisema pia, maana mimi ndiye niliyemfundisha ile kazi iliyoleta yote, na nimeitubu mbele za Mungu.

Ilianza Ijumaa ya kawaida, mwezi wa tisa ukiisha. Maurice alikuwa soja wa geti kwenye kampaundi moja ya makazi huko Al Thumama, na kulala alilala Al Wukair, chumba cha watu wanne. Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Alikuwa ametoka ibadani, amefua yunifomu zake mbili na kuzianika juu ya paa, na sasa ameketi kitandani na kompyuta mapajani. Ndirangu, dereva waliyekaa naye, alikuwa anasonga ugali huku akimchokoza.

"Kiptoo, wewe ni soja ama ni profesa?"

"Acha niwasomeshe watoto wa watu, buda."

"Na siku ya kuhitimu, ile gauni utavaa wewe?"

Kazi yenyewe Wakenya wengi tunaijua. Mwanafunzi wa Marekani analala, wewe unamsomea vitabu na kumwandikia insha, kisha jina linawekwa lake. Tuite kitu kwa jina lake: ni uongo. Lakini tuliuzoea, na mimi binafsi niliwahi kumwomba Mungu abariki kazi hiyo. Anisamehe.

Muhula huo Maurice alikuwa na msichana mmoja tu, Melissa, wa miaka kumi na tisa. Alisoma katika chuo kidogo sana milimani, wanafunzi hawafiki mia sita. Bwalo moja, kanisa la mawe, msitu mpaka mlangoni. Somo lake moja lilimtaka aandike kila wiki habari za maisha yake pale chuoni: ameamka vipi, amekula na nani, amewaza nini. Melissa hakuwa na moyo huo. Alimpa Maurice neno la siri la kuingilia kwenye daftari la mtandaoni, na picha moja ya chumba chake. Kitanda kimoja, dirisha, mlima.

"Andika chochote," alimwambia. Waliandikiana kwa Kiingereza. Mimi nakuwekea kwa lugha yetu. "Mwalimu anaangalia tu kama umejaza."

Wiki ya kwanza Maurice alijaza. Wiki ya pili maneno yakamwishia. Mtu ambaye hajawahi kugusa theluji ataandika nini juu ya chuo cha milimani? Basi akachota kwake. Yeye pia aliwahi kusoma chuo kidogo mlimani, chuo cha ualimu cha kanisa, juu kabisa Cherangani, ambako maji ya kuoga asubuhi yanachoma kama upupu na ukungu huingia darasani ukakaa nyuma kama mwanafunzi mgeni. Akampa Melissa mwenzake wa chumbani. Msichana mpole, ana mwanya, analala kitanda cha pili chini ya blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Sweta yake huikausha juu ya jiko la makaa, kwa hiyo siku zote ananuka moshi. Maurice aliandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Jina hakumpa.

Lakini msichana yule alikuwa na jina. Aliitwa Nafula, na alikuwa amekufa miaka sita nyuma.

Wiki ya tatu Melissa alimtumia ujumbe wa kicheko. "Huyu uliyenipa nampenda. Bahati mbaya hayupo."

Wiki ya nne hakucheka. Aliuliza, "Kuna mtu unayemfahamu huku kwetu?"

Maurice akajibu hakuna.

"Basi ulijuaje kuhusu moshi?"

Ilikuwa saa saba mchana, jua la Al Wukair limeupiga ukuta wa nje mpaka ukawa hauguswi. Maurice alidhani ni mzaha wa watoto wa siku hizi. Akaandika habari za wiki hiyo, na hapo akakosea mara ya pili. Aliandika kwamba yule mwenzake huamka mapema, akasimama dirishani, akaitazama njia ya kushuka.

Jumanne Melissa alituma picha.

Chumba kile kile. Dirisha lile lile. Vitanda viwili. Cha pili kilikuwa kimetandikwa kwa nidhamu, pembe zimekunjwa na kuingizwa ndani, jinsi matroni wa Cherangani alivyowalazimisha wanafunzi wote. Blanketi la kijivu. Mstari mwekundu. Mto ulikuwa umebonyea katikati, kama kichwa kimetoka hapo sasa hivi. Au bado kipo.

"Haongei," Melissa aliandika. "Hali chakula. Nikiamka namkuta amekaa, amevaa koti tayari. Kila asubuhi ananiuliza neno moja."

"Neno gani?"

"Anauliza, amefika?"

Maurice alifunga kompyuta. Alitoka akaenda baqala, duka la pale mtaani, akanunua soda, akaisahau mkononi mpaka ikawa moto.

Hapa lazima niseme alichokificha, maana hata mimi ndugu yake sikuwa nakijua.

Muhula wao wa mwisho kule Cherangani ulifungwa na mvua. Gari halikuweza kupanda. Wanafunzi walishuka kwa miguu mpaka lami, mwendo wa saa tatu, na chini ya msitu kulikuwa na daraja la mbao. Maurice na Nafula waliahidiana kushuka pamoja. Yeye angetangulia na masanduku, amngoje darajani, kwa kuwa Nafula aliogopa mto ule. Alifika. Akangoja kidogo. Ikatokea lori ya viazi, dereva akasema nafasi ni moja, na mvua ilikuwa inamwagika. Maurice akapanda.

Nafula alikutwa siku ya tatu, mbali sana chini. Wachunga ng'ombe ng'ambo ya mto walisema walimwona msichana amesimama darajani tangu saa tisa hadi giza, amejifunika blanketi, anaangalia huku na huku. Alidhani Maurice bado atakuja. Akamngoja mpaka mto ukaja kulichukua daraja.

Kwenye matanga mama yake alimshika Maurice mikono miwili akamuuliza, "Mwanangu, mlikuwa marafiki. Hakukuambia anasafiri siku ile?"

Maurice akasema, "Hapana, mama. Sikujua."

Huo ndio uongo aliokwenda nao Qatar.

Sasa basi. Alhamisi Maurice aliingia kwenye daftari la Melissa akafuta kila mstari wenye yule msichana. Akaandika upya, kwa ufupi: mwenzangu amehama, sijui alikokwenda. Akatuma. Akalala.

Ijumaa, saa nane mchana, simu ililia. Huko kwa Melissa ndiyo kwanza kunapambazuka.

"Nimemsomea ulichoandika," Melissa alisema kwenye ujumbe. "Amecheka. Amesema umezoea kusema hujui."

Kabla Maurice hajajibu, ujumbe mwingine.

"Leo ananiomba nimsindikize. Chini ya chuo kuna daraja. Anasema kuna mtu walipatana."

"Usiende."

"Anatetemeka. Namwonea huruma. Ni daraja tu."

"Melissa, mvua inanyesha huko?"

"Tangu juzi. Mto umejaa mpaka barabarani. Navaa viatu."

Maurice alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena. Ndirangu, aliyekuwa amelala kitanda cha juu, aliinua kichwa.

"Nani amewasha AC hivi?" akauliza kwa sauti ya chini.

AC haikuwapo. Fundi alikuwa ameing'oa tangu Jumatatu. Palibaki tundu na waya. Lakini pumzi za Ndirangu zilikuwa zinaonekana.

Chumba kilianza kunuka moshi. Na sufu iliyolowa.

"Kiptoo," Ndirangu alinong'ona. "Huyo unayemwandikia ni nani?"

Maurice aliirudisha kompyuta mapajani. Aliniambia kwamba wakati ule alijaribu kuomba, na akashindwa, kwa sababu kila alipoanza kusema Baba, aliona uso wa mama yake Nafula. Mtoto wa mtu, asiyemjua hata kwa sauti, alikuwa anafunga kamba za viatu ili akafe kwa ajili ya ahadi yake. Akafungua daftari. Akaandika.

Aliandika kwa Kiswahili. Jina kwanza. Nafula. Kisha daraja. Kisha lori. Aliandika: nafasi ilikuwa moja nikaichukua. Nilikuona ukitokea kwenye kona, na koti lako la bluu, ukanipungia mkono. Sikumwambia dereva asimame. Nilimdanganya mama yako kwenye matanga. Huyu msichana hana kosa lolote kwako. Mwache. Uliyepatana naye ni mimi. Niko Doha, geti la kampaundi, Al Thumama, zamu ya mchana. Safari hii nitakungoja.

Akabonyeza, ikaenda.

Sehemu ile ya mkono wa kupunga, alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Aliiandika hapo kwa mara ya kwanza.

Dakika kumi. Ishirini. Baridi ikatoka chumbani polepole, kama mtu anayetoka kinyumenyume. Ndirangu alishuka kitandani akaenda kukaa nje kwenye jua bila viatu.

Baada ya dakika arobaini Melissa aliandika.

"Tulikuwa tumefika njia panda. Daraja nililiona. Akasimama. Akageuka kama ameitwa. Nimerudi chumbani, kitanda ni kimoja tena. Wewe ni nani? Tafadhali usiniandikie tena."

Na chini yake:

"Aliniuliza Doha ni mwendo gani kwa miguu."

Siku kumi na moja zilipita. Maurice aliacha ile kazi, na mimi nikaiacha naye. Alikwenda zamu, akarudi zamu. Alifunga, akaomba, akaungama kwa mchungaji. Kulala alilala na taa.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, alifika getini saa nane kasorobo mchana kumpokea zamu mwenzake, Oloo. Oloo ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo aliongea taratibu.

"Umechelewa. Mgeni wako ameshaingia."

"Mgeni gani?"

"Dada mmoja. Mpole. Amelowa chapachapa, nikadhani ametoka kwenye bwawa la kuogelea. Nikamwambia, dada, kaa hapo kivulini umngoje Maurice, anakuja sasa hivi." Oloo alikuna shingo. "Akasema yeye kungoja amechoka. Akapita."

"Ukamwachia?"

"Ndugu yangu, sijui. Nilikuwa nimemshikia geti kabla sijafikiri."

Kwenye kitabu cha wageni, chini ya majina ya mafundi na watu wa mizigo, alikuwa ameandika mwenyewe. Jina: Nafula. Anakotoka: darajani. Anayemtembelea: Maurice. Saa ya kuingia: saa saba na nusu. Wakaangalia kamera. Walimwona Oloo akiinuka, akifungua geti dogo, akitabasamu, akisema maneno. Mbele yake palikuwa na jua tupu.

Walizunguka kampaundi nyumba kwa nyumba, nyumba thelathini na mbili, na hakuna aliyepokea mgeni.

Jioni ile Maurice alimpigia mama yake Nafula, Bungoma. Alimwambia yote, na lori, na mkono.

"Kwa hiyo alifika," mama akasema. "Yuko hapo na wewe?"

"Sijui, mama."

"Usimwache peke yake tena," akasema, akakata.

Maurice bado yuko Doha. Kampuni ilimpa ruhusa ya kwenda nyumbani akaikataa. Ukimuuliza kwa nini, anasema mtu hawezi kuondoka kabla mgeni wake hajaondoka. Meneja amemwambia mara tatu ajaze saa yoyote ile kwenye nafasi ya kutoka, kitabu kifungwe, kipelekwe stoo. Hakujaza. Oloo naye hakujaza.

Juzi nilikwenda kumsalimu nikaomba nikione kitabu hicho. Kurasa zote ni kavu na zimejikunja kwa joto, kama karatasi zote za hapa. Isipokuwa ukurasa ule mmoja wa Nafula. Oloo aliniambia ameuanika juani mchana kutwa, siku tatu mfululizo. Nilipougusa, kidole changu kilitoka kimelowa.